Lori la Maji Kwenye Chaneli ya Ngamia

Mimi sikusoma. Madrasa kidogo, basi. Lakini nimezaa tisa, nimelea wajukuu mpaka wengine wana ofisi zao, na nasema bila haya: siku ile, katika chumba kizima cha redio pale Garissa, mwenye akili alikuwa mmoja, naye alikuwa ameshika birika.

Ilikuwa miaka ya vita. Watu wetu walitolewa malishoni wakafungiwa kijiji cha nyumba za mikeka: ua wa miiba pande zote, lango moja, askari. Mama yangu alikuwa humo, nyonga imevunjika, hatembei. Mimi nilipewa kibali cha kutoka kila asubuhi kuwapikia chai watu wa redio.

Mkuu wao, mtu wa bara, alikuwa akipanga nani azungumze kwenye chaneli gani. Zilikuwa tatu. Ya kwanza wakubwa. Ya pili magari ya doria. Ya tatu akawapa wale waliokusanya ngamia walionyang'anywa watu, na chini kabisa ya karatasi akaongeza lori la maji, lile la kuzima moto.

Nikamuuliza, "Afande, mmoja akisema, mwingine anaweza kusema?"

"Hapana. Anangoja amalize."

"Basi umekosea. Kisimani, mnyama anayekufa kiu hawekwi nyuma ya kundi la ngamia. Anatengewa hori lake la kunywea pembeni. Wallahi, hata mtoto wa Wajir anajua."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. "Msikieni profesa wa mbuzi!" akasema mkuu. "Lori la maji halibebi ofisa. Litangoja. Ongeza sukari."

Haikupita wiki. Adhuhuri, upepo mkali, askari wa langoni akaliita lori la maji redioni, kwenye chaneli ya tatu: "Moto! Nyumba za mikeka..." Hapo hapo sauti nzito ya mkusanya ngamia mmoja wa kule Bura ikamfunika, anaeleza ngamia: dume huyu ana alama shingoni, jike yule anachechemea. Askari akajaribu tena. Ngamia. Akajaribu tena. Ngamia.

Nikamkamata mkono kijana wa mitambo. "Mnyamazishe! Hooyo yuko ndani, mama yangu!"

"Hanisikii, dada. Amekibana kitufe cha kusemea. Mpaka akiachie."

Mkuu akachungulia na kikombe chake. "Kelele za nini?"

Nilikimbia mtoni, linakojazwa lori la maji, viatu nikaviacha njiani. Lori lilikuwa limejaa maji pomoni, dereva amekaa kivulini anasikiliza habari za ngamia.

"Sijaitwa," akasema.

"Nimekuita mimi!"

Akanitazama usoni, akawasha gari.

Tulikuta wenye miguu wametoboa ua, miiba imewachana mpaka nyama. Askari alikuwa bado anapiga kelele kwenye redio yake. Maji tuliyamwaga juu ya majivu. Hooyo nilimtambua kwa bangili yake.

Siku ya tatu nilirudi kazini, maana wadogo zangu walikuwa hai na walitaka kula. Karatasi mpya ilikuwa ukutani: wa ngamia wamehamishiwa kwa magari ya doria, lori la maji lina chaneli yake peke yake.

"Umeridhika sasa?" mkuu akauliza.

"Hori zuri, afande. Mnyama amekufa."

Nikamwekea chai, sikutia sukari. Aliinywa yote, wala hakuomba.