Kelele za Zahoro Mbele ya Meli

Zahoro hakujua kutulia. Hata nyumbani kwake Kashai, mjini Bukoba, alikula amesimama, na mkewe Shamsia alimtania kwamba siku akikaa kitako majirani wataleta sanda. Kazi yake, miaka ile ya thelathini, ilikuwa kusimama mbele kabisa ya meli ya mvuke na kupima kina cha ziwa kwa kamba yenye kipande cha risasi.

Meli ikikaribia Bukoba, injini ilizimwa, nayo ikateleza mpaka iishiwe nguvu. Watu wa mitumbwi walingoja kimya hicho tu. Wakikisikia, mbio, kila mmoja awe wa kwanza kuwauzia abiria ndizi za gonja za kuchoma. Hapo Zahoro hupaza sauti: "Rudini, bado inakwenda!" Wengine hurudi nyuma. Mmoja tu hukaza kasia, Mutalemwa, kaka yake Shamsia. Ndiyo yalikuwa mapatano ya mashemeji hao wawili: onyo lilikuwa la uongo, kwa kuwa meli ilikuja nusu tupu kufuata kahawa, na ilipofika pale ilikuwa imekwisha kusimama. Mimi nauita ujanja wa kijinga, ingawa uliwafaa miaka miwili.

Siku moja ya Machi meli ilitoka Kisumu imejaa simenti na mabati, imezama kuliko kawaida. Nahodha alizima injini mapema, maana uzito namna ile haukubali kusimama haraka. Mitumbwi ikasikia kimya, ikaja. Zahoro alitazama ufuko ukipita kwa kasi ile ile, na mdomo ukatangulia akili.

"Rudini, bado inakwenda!"

Wengine wakarudi. Mutalemwa akatabasamu, akakaza kasia.

Zahoro aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Kunyamaza ni kumuua shemeji yake. Kurudia maneno yale ni kumwita. Akaitupa kamba.

"Shemeji, leo si mchezo wetu! Siku zote nimewadanganya hawa ili uuze wewe! Leo ni kweli, geuza!"

Mutalemwa aligeuza, lakini alikuwa amechelewa. Wimbi la mbele ya meli likaupindua mtumbwi. Waliomvuta majini, akitapika maji, ni wale wale aliokuwa akiwapiku.

Zahoro aliposhuka, walikuwa wakimngoja. Kagaruki, mkubwa wao, hata hakumtukana.

"Kesho ukiita, tufanye nini?"

"Msinisikilize," alijibu Zahoro. "Tazameni maji mbele ya meli. Yakiwa bado yanapasuka, haijasimama, hata niseme nini."