Rangi ya Kucha Siku ya Hitima

Wapo waliofumaniwa, wapo walioteleza mbele za watu, lakini sijasikia mwanamume mwingine aliyesimama mlangoni kwa wanawake, na kanzu yake nyeupe, siku ya hitima ya baba mkwe wake, akauliza nani ana rangi ya kucha. Mimi nimefanya hivyo, hapa hapa ughaibuni, Springfield, na nilipomaliza hilo nikafanya jingine baya zaidi, kwa hiyo anayetaka kucheka aanze sasa.

Baba mkwe wangu, Mzee Salimu, alisoma dua siku ya harusi yetu, na sauti yake iliyobaki duniani ni hiyo tu. Ilikuwa kwenye mikanda ya zamani, nikaihamishia kwenye kompyuta, kisha mikanda nikaitupa (ndiyo, niliitupa, kabati lilikuwa limejaa). Kompyuta yenyewe ilikuwa na diski kadhaa zinazoendeshwa na kadi moja niliyoiokota ofisini kwetu Rockville walipokuwa wanatupa mitambo chakavu, na kadi za aina hiyo hulikata kila faili vipande vipande na kuvitawanya kwenye diski zote, maana yake bila kadi, diski ni vyuma tu. Mama mkwe, Bi Zuhura wa Bladensburg, aliniomba kitu kimoja: hitima ya mwaka ikiisha, dua ya kufungia iwe ni ile ya mumewe, watu waitikie amina, kwa sababu wiki hiyo alikuwa anarudi Tanga na harudi tena.

Kompyuta ilikuwa inafanya kazi. Mtu mwenye akili zake angeiacha. Lakini ilikuwa inanguruma kama blenda, na mimi nilikuwa na mazabodi mpya, ile sahani kubwa ambayo kila kifaa cha kompyuta huchomekwa juu yake, imekaa kwenye boksi inaniangalia, basi asubuhi ya hitima, wenzangu wakikata vitunguu, nikaona niibadilishe mara moja, wageni wasije wakasikia kelele. Nikafunga, nikachomeka kadi, nikawasha, feni zikazunguka na kioo kikabaki cheusi. Nikachomoa kadi, ikawaka vizuri kabisa. Nikairudisha, giza. Kadi nzima, mazabodi nzima, ila havipikiki chungu kimoja. Na ile ya zamani nilishaiharibu kwa haraka ya kuing'oa, hairudishiki.

Wageni wakaanza kuingia. Wanawake walikaa juu sebuleni, wanaume chini besimenti, na mimi nilijificha nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto pamoja na Kariuki, jirani yetu, nesi kutoka Nakuru, Mkristo ambaye hajawahi kukosa pilau yetu hata moja.

"Buda, na huku-backup?" akaniuliza.

"Nilitaka kuweka nakala nikishamaliza kubadilisha."

Akaniangalia vile manesi wanavyomwangalia mgonjwa aliyeacha dawa kwa sababu amepona, halafu akaendelea kupekua simu yake. "Kuna msee huku ako na shida kama yako," akasema. "Anasema hiyo kadi iko na pini mbili zinasumbua board mpya. Unazicover tu. Tape ama nail polish."

Tepu nilikuwa nayo, lakini ilikuwa nene, kila nikiichomeka kadi, tepu inajikunja na kubaki nje. Nikapanda ngazi.

Wanawake walikuwa wameshatia udhu, wanasubiri Alasiri. Nikabisha hodi, nikasema, "Samahanini mama zangu, kuna mwenye rangi ya kucha?"

Mke wangu Mwanaidi akajifunika uso kwa mtandio. Mama mmoja akauliza kwa upole, "Ya kumpaka nani, baba?" Nikasema ya kupaka kadi, na nikasikia mwenyewe nilivyokuwa mpumbavu, hasa kwa kuwa pale kati alikaa Bi Zuhura, ambaye miaka yote amewafundisha mabinti wa hapa kwamba maji ya udhu hayapiti kwenye rangi.

Bi Zuhura ndiye aliyefungua mkoba. Akatoa kichupa chekundu, rangi imeganda chini.

"Hii itamfanya asikike?"

"Inshallah, mama."

"Chukua." Wengine wote wakaangalia zulia.

Nilikomba kile kichupa kwa kijiti cha meno mpaka kikakauka, nikapaka pini mbili, nikapuliza, nikawasha. Kioo kikawaka, diski zote zikaonekana. Kichupa nikakitia kwenye taka. Hitima ilipoisha, Mzee Salimu akasoma dua nyumba nzima, juu na chini, na Bi Zuhura akainua mikono akiitikia amina, machozi yanamtoka. Mimi pia nililia, sioni sababu ya kuficha.

Watu walipokuwa wanafungiwa chakula, Mwanaidi akanibana jikoni. "Kichupa cha mama kiko wapi?"

"Kilikwisha. Nimetupa."

Akaweka sahani chini. "Baba ndiye aliyemnunulia. Alikuwa akimpaka mwenyewe kucha za miguu baada ya Isha, mama anazifuta kabla ya Alfajiri. Hata mimi nimejua leo, kaniambia sasa hivi. Hajakifungua tangu baba afariki."

Mifuko ya taka ilikuwa imeshatolewa barabarani. Nikaipasua mmoja baada ya mwingine, na kanzu yangu, mikono imezama kwenye mifupa ya kuku na wali, huku wageni wanapita kwenda kwenye magari yao. Sheikh aliyeongoza hitima akashusha kioo cha gari, akasema, "Rashidi, chakula kipo ndani."

Nilikipata. Nilipogeuka, Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, nisamehe. Hakina kitu tena."

Akakipokea, akakifuta kwa pembe ya buibui lake. "Najua. Ningekwambia, usingekichukua."

Sasa dua ya Mzee iko kwenye simu za ukoo mzima, na nimeapa kwamba kompyuta inayofanya kazi haifunguliwi nyumbani kwangu, awepo mgeni au asiwepo. Bi Zuhura hupiga simu kutoka Tanga kila Ijumaa, na kabla hajauliza habari za watoto huniuliza, "Rashidi, hujaigusa?"

"Sijaigusa, mama."