Msusi Aliyefundishwa na Mama Asiye na Vidole

Ni Jumamosi asubuhi. Kibarazani mwa nyumba ndogo iliyopakwa chokaa, mwanamke wa makamo ameketi kwenye stuli, kichwa cha mteja kikiwa katikati ya magoti yake. Mteja, mwalimu wa shule ya msingi, amekaa chini kwenye mkeka na kufumba macho. Kitana kinapita utosini na kuchora mstari ulionyooka kama wa rula, na vidole vya msusi vinafuata nyuma yake bila haraka.

"Unalala, mwalimu?"

"Niache, dada. Nyumbani kwangu hakulaliki."

Mtaani wanamwita Mkono Mwepesi. Kuna wasusi ambao ukitoka mikononi mwao unashinda siku mbili umekodoa macho kwa jinsi nywele zilivyovutwa. Kwake, mtu huinuka kama aliyetoka kuoga. Ukimuuliza alijifunzia chuo gani, anacheka, kisha ananyoosha kidevu kuelekea dirishani, ambako mwanamke mzee amejifunika shali na kutega sikio kwenye redio.

"Nilijifunzia pale," anasema. "Kwenye kichwa kile."

Mzee huyo ni mama yake mzazi. Mkono wake wa kulia umebaki na kipande cha gumba, wa kushoto umeishia kwenye kiganja. Ukoma ulimpata akiwa msichana. Dawa zilimponya kabla hajaolewa, ila zilikuta mishipa ya fahamu imeshaharibika, na mikono isiyosikia moto wala mwiba iliendelea kuumia miaka mingi bila yeye kujua.

Mchana huu, mteja wa mwisho akishaondoka, msusi atakunja mkeka, abadili gauni na kwenda maktaba ya mji. Huko, kila Jumamosi, watu huketi mbele ya wageni wasiowajua na kuwasimulia maisha yao. Yupo fundi saa aliyewahi kufungwa jela. Yupo baba anayelea watoto wachanga kwa ajira. Na yupo yeye, mtoto wa makazi ya wagonjwa wa ukoma.

"Watu wakisikia nilikozaliwa, uso unawabadilika. Wanasema pole," anaeleza. "Pole ya nini? Mimi natamani hata leo nirudi utotoni kule."

Makazi hayo yalikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa kutosha kutoka mjini ili mtu asiyataje ikiwa hataki. Serikali iliwapeleka wagonjwa huko, na walipopona, wengi hawakuwa na pa kurudi. Wakaoana, wakalima, wakazaa. Baba yake msusi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa fundi wa viatu katika karakana ya hapo.

"Viatu vya baba hukuvikuta dukani. Kila mguu ulipimwa peke yake, maana miguu ya watu wetu haikulingana. Huyu hana kidole gumba, yule kisigino kimeliwa. Baba anakata soli laini, anaibandika, anampa mtu ajaribu, na mtu anatembea kwa maringo pale mlangoni. Ile harufu ya gundi nikiisikia popote, nasimama."

Jioni, jua likianza kupoa, watoto waliitwa kufanya kazi waliyoiita ukaguzi. Wazee waliketi kwenye mabenchi na kunyoosha miguu, na watoto, ambao ngozi zao zilisikia kila kitu, wakapita wakitafuta miiba, malengelenge na michubuko.

"Tulijiona madaktari," anasema huku akitabasamu. "Ukiupata mwiba unapiga kelele, 'Huu hapa!' Mzee anakuambia, 'Ahsante, daktari, na mshahara wako karanga.' Maji ya kuoga ya mama niliyapima mimi. Naingiza kiwiko, namwambia, mama, bado ya moto. Sikujua kama kuna nyumba ambako mtoto hafanyi hivyo. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyopendana."

Kusuka kulianza akiwa na umri wa kwenda shule. Mama yake, aliyekuwa hodari wa kusuka kabla ya kuugua, alichoka kuona nywele zake zikifungwa kitambaa kila siku. Akamketisha binti yake nyuma yake, akaanza kumfundisha kwa mdomo.

"Gawa. Shika tatu. Ya pembeni ivuke ije katikati. Hapo umevuta, legeza. Hapo umeniacha, rudi," anakumbuka. "Mikono yake haikusikia, lakini kichwa kilisikia kila kitu. Nikivuta kidogo tu, nasikia, 'Wewe, hicho ni kichwa, si kamba ya mbuzi!' Ndiyo maana mkono wangu ukawa hivi. Ningeanza kuvuta ningekula makofi ya kiwiko."

Dirishani, mzee anapunguza sauti ya redio. "Makofi gani? Nilikupiga mara moja tu, na ulistahili."

Yaliyofuata nje ya makazi hayakuwa na ucheshi. Shuleni aliketi dawati peke yake hadi alipomaliza darasa la saba. Alikuja mjini akiwa kijana, akaolewa na dereva wa lori, akapata binti mmoja, na mume akafariki katika ajali binti huyo akiwa mdogo. Alisuka katika saluni moja kwa miaka mingi, na wateja walikuwa tayari kungoja nusu siku ili washikwe na mkono wake.

Kisha alimchukua mama yake aje kukaa naye. Mteja mmoja alipita kumsalimia nyumbani, akauona mkono wa mzee ukipokea kikombe, na kabla ya wiki kwisha habari ilikuwa imeenea soko zima. Waliokuwa wakipanga foleni wakaanza kuwa na udhuru. Mwenye saluni akamwita pembeni.

"Aliniambia, 'Dada, si mimi, ni wateja.' Nikamwambia naelewa. Nikachukua kitana changu na kioo changu. Nilikuwa nimezoea kusuka watu sita, saba kwa siku. Nilipoanza kusuka hapa kibarazani, kuna wiki nzima ilipita bila kichwa hata kimoja."

Aliyemfuata pale kibarazani alikuwa mkutubi wa maktaba ya mji, mteja wake wa zamani, mwanamke mwenye nywele nyingi na maneno machache. Siku hiyo, akisukwa, mkutubi alimweleza wazo lake la Jumamosi. Watu wengi, alisema, wanaogopa wasichokijua kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaketisha wakauliza maswali yao ya kijinga.

"Nikamuuliza, na maswali ya kijinga yakiwa mengi? Akasema, 'Ndiyo maana nataka mtu mwenye subira ya msusi.'"

Aliketi kwenye kiti cha msimulizi pale maktaba mwaka mzima. Aliulizwa kama walikuwa wakila pamoja, kama watoto walifungiwa, kama ni kweli vidole hudondoka usiku mtu akiwa amelala. Alijibu yote. Alieleza kwamba ukoma unatibika, kwamba mtu aliyetibiwa haambukizi, kwamba haurithiwi. Lakini zaidi alisimulia habari za ukaguzi, za karakana, za timu ya mpira ya akina baba ambayo golikipa wake hakuwa na vidole na bado ilikuwa shida kumfunga. Wageni waliokuja na nyuso za msiba waliondoka wakicheka.

Ndipo binti yake, anayeuza dawa katika duka la jirani, akaposwa.

Mchumba mwenyewe alikuwa anajua kila kitu. Binti alimweleza mapema. Hofu ilikuwa kwa ukoo wake, na hasa shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea kijana huyo na ambaye neno lake halikupingwa. Jioni moja binti alikaa kando ya mama yake kibarazani.

"Mama, sikuombi uache. Subiri tu niolewe. Baada ya hapo useme hata redioni."

Msusi hakumjibu vibaya. "Nilimwelewa," anasema. "Mimi nilikaa dawati peke yangu miaka saba. Sikutaka mwanangu akae peke yake kwenye harusi yake mwenyewe." Akamtumia mkutubi ujumbe kwamba atapumzika kidogo.

Jumamosi ya kwanza ya mapumziko hayo, mzee alimwona anafua wakati wa kwenda maktaba.

"Leo huendi kusema?"

"Siendi, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi nani amekufunga mdomo?"

Binti alikuwa ndani akipiga pasi. Akatoka na kusimama mlangoni. "Ni mimi, bibi."

Mzee alimgeukia mjukuu wake. Hakukasirika. "Mjukuu wangu," akasema, "hao wakwe zako wakija kukuona umejifungua, mtanificha wapi? Uvunguni? Magoti yangu hayakunjiki tena."

Binti alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Bibi yake akamwacha alie mpaka amalize.

"Umemaliza? Haya, nivalishe viatu. Kama mama yako amezuiwa, mimi sijazuiwa na mtu."

Wakaenda wote watatu, binti akimshika bibi yake kiwiko. Ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa kuliko kawaida, na katika safu ya pili, mkoba juu ya mapaja, alikaa shangazi wa bwana harusi. Hakuja kwa bahati. Alikuwa amesikia minong'ono na alitaka kuhakikisha kwa macho yake. Binti alipomwona, alimvuta bibi karibu. Akamnong'oneza bibi, "Yule wa gauni la kijani ndiye shangazi mtu."

"Vizuri," bibi akajibu. "Ameshapata kiti."

Mzee alizungumza akiwa ameiweka mikono yake juu ya meza, mbele ya watu wote. Alisimulia siku aliyoletwa makazini nyuma ya gari la mizigo, akidhani anaenda kufa, na jinsi wanawake wa huko walivyompokea kwa vigelegele kana kwamba ameletwa bibi harusi. Alisimulia jinsi alivyompata fundi wa viatu aliyempima mguu mara tatu kwa kiatu kimoja.

"Mara ya kwanza nikasema huyu hajui kazi. Mara ya tatu nikajua anajua sana."

Wakati wa maswali, shangazi alisimama. Sauti yake ilikuwa kavu. "Naomba kuuliza. Huo ugonjwa haurudi kwa wajukuu?"

Vichwa vikamgeukia mzee. Msusi anasema aliushika mkono wa binti yake.

"Mjukuu wangu ni huyu hapa, mtazame vizuri," alijibu mzee. "Nilimzaa mama yake nikiwa nimeshapona. Ukoma haurithiwi, mwanangu. Kinachorithiwa kwetu ni mwanya wa meno, na huo bwana harusi ameshauona akaupenda."

Watu waliangua kicheko. Shangazi hakucheka. Aliketi, akasubiri kidogo, kisha akachukua mkoba wake na kutoka bila kuaga.

Njiani binti alilia hadi nyumbani. Siku zikapita bila neno kutoka upande wa pili. Kijana alikuja kila jioni kusema hajabadilika, lakini naye alikuwa amekonda. Ndani ya nyumba ile watu waliongea kwa sauti ya chini, na hata redio iliachwa kimya.

Kisha asubuhi moja shangazi alitokea getini, kichwa amekifunga kitambaa.

"Hodi. Nimekuja kusukwa."

Msusi alimkaribisha, akatandika mkeka, akamfumua nywele. Akaisuka mistari ya upande mmoja yote. Labda ilikuwa rahisi zaidi kwa shangazi kusema akiwa amewapa kisogo.

"Nilikuwa na mama mdogo," shangazi akaanza. "Mdogo wake mama. Alinipenda sana, ndiye aliyekuwa ananisuka. Alipougua akajengewa kibanda mwisho wa shamba. Chakula kinaachwa njiani, anakuja kuchukua tukishaondoka. Siku moja nikaambiwa hayupo, na nisimtaje. Nilikuwa mtoto. Mpaka leo sijui alizikwa wapi."

Msusi aliendelea kusuka. Anasema hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Kutoka dirishani mzee akauliza, "Aliitwa nani?"

Shangazi alilitaja jina. Lilitoka kwa shida.

Mzee alilirudia jina hilo kwa sauti ya chini. "Simjui. Hakufika kwetu." Kisha akaongeza polepole, "Pole, mwanangu. Angefika kwetu, angecheka tena."

Hapo ndipo shangazi alipolia, na msusi akauweka kitana chini.

Harusi ilifanyika mapema mwaka huu. Baadhi ya ndugu wa bwana harusi walikuja na hawakugusa chakula, na wengine hawakuja kabisa. Shangazi alikaa meza moja na mzee. Sahani zilipofika alimfunga mzee kijiko kwenye kiganja kwa mkanda wa kitambaa ambao mzee huutumia kulia chakula, kama aliyeizoea kazi hiyo, huku nusu ya ukumbi ikiwatazama.

Wateja wamerudi, si wote. "Wapo wanaoniona sokoni wakavuka barabara," anasema msusi. "Salamu nawapa hivyo hivyo, kwa sauti, wakiwa ng'ambo."

Makazi ya nyuma ya kilima yamebaki na wazee wachache. Karakana ya viatu imefungwa, bati la ukumbi walimokuwa wakicheza muziki limeng'oka. Yeye na mkutubi wanapanga kupeleka Jumamosi moja ya simulizi kule kule, wageni wakae kwenye mabenchi yale na kuwasikia wazee wenyewe kabla sauti zao hazijapotea. Shangazi ameahidi kutafuta gari.

Binti yake sasa ni mjamzito. Msusi anapoulizwa anatarajia nini, hataji saluni wala jengo jipya. Anaangalia kilima kwa mbali, mikono yake ikiwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mtoto huyo akienda shule, wataulizana bibi zao walizaliwa wapi," anasema. "Nataka ataje jina la kwetu, kisha aendelee kucheza."