Mshipi Juu ya Kidole

Mtaani anajulikana kama Fundi Polepole, na si kwamba ni mvivu. Ni seremala anayetafutwa sana na wateja. Jina lilitoka mtoni, ambako huenda na mkewe kila siku ya mapumziko joto linapopamba moto: mke anaendesha injini ya mashua, mume anakokota chambo nyuma, na neno pekee linalomtoka ni hilo, polepole, mpaka wavuvi wengine wakalidaka.

Chambo chenyewe ni samaki wa mbao aliyechongwa kwa mabaki ya karakana, mwenye ulimi mpana wa plastiki chini ya kidevu. Mashua ikienda, maji yanausukuma ule ulimi na chambo kinapiga mbizi huku kikitikisika. Siku za joto samaki wakubwa hushuka kwenye kina cha kona ya mto, kwa hiyo chambo sharti kifike chini, kigonge mawe, kiwachokoze. Wengine hutumia fimbo. Yeye huushika mshipi wa kuvulia mkononi, ukapita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho humwambia kila kitu: hapa mchanga, hapa mawe, hapa jani limenasa, vuta ulitoe.

Msimu huu kidole kilinyamaza. Ganzi ilianza kumjia asubuhi tu, kisha ikashinda naye kutwa, na fundi akapiga kimya. Mkewe akijua, safari za mto zitakwisha, na msumeno utafuata. Asiyehisi vidole vyake hapewi msumeno. Hilo hata yeye asingelibishia. Basi akawa anabuni. "Mawe," anasema, kwa kuangalia ukingo na kukumbuka. Mkewe anaitikia, anakata kona.

Siku hiyo walizunguka pale mpaka jua likawa utosini. Mashua za jirani zilikuwa zikitoa samaki. Fundi alidai samaki wa upande wao wamenuna. Mkewe akageuka nyuma kuangalia maji, akitaka kumtania kwamba labda wamepata seremala mwingine, na utani ukaishia kinywani. Fungu la magugu lilikuwa likielea nyuma yao, kubwa kama mto wa kulalia, chambo kimo ndani. Akamgeukia mumewe. Mshipi ulikuwa umemkata kidole, damu inadondokea suruali, naye ametulia, anatazama ukingo.

"Mawe," fundi akasema.

Mke alizima injini. Aliogopa, na akakasirika kwa sababu ya kuogopa.

"Tangu lini?"

Fundi alikitazama kidole kama cha mtu mwingine. "Tangu mvua ziishe."

"Na msumeno unashika?"

Mke akamfunga kidole kwa kitambaa chake cha kichwa, akamwambia kesho ni hospitali, na ufunguo wa karakana atakaa nao yeye. Fundi akakubali kwa kichwa. Alingoja kusikia kuhusu mashua.

Mke akayatoa magugu, akakirudisha chambo majini, akaketi kando ya mumewe. Alimwonyesha injini. Fundi akahama, akaiwasha.

Mshipi ukapita juu ya kidole cha mke. Akafumba macho. "Mchanga," alisema. Baada ya kitambo, "Bado mchanga."

Fundi akaisogeza mashua karibu na ukingo. Juu ya paja lake, kidole kilichofungwa kilikuwa kimejikunja, kinangoja.

"Mawe," mkewe akasema. "Polepole, mume wangu."