Fundi Cherehani Abisha Hodi

Tangu usichana wake fundi cherehani alikuwa akianguka kifafa, na majirani hawakujua. Watafiti walipokuja kuuliza kwa nini ugonjwa huo umeenea mtaa wao wa mabondeni kuliko mitaa ya juu, watu walikana katakata. Yeye akasema, “Mimi ninacho.” Akapimwa ubongo, akapewa vidonge, na kuanguka kukapungua hadi kukakoma. Ndipo akakubali kuzunguka nyumba kwa nyumba na muuguzi wa utafiti.

Kwa muuza mkaa, mama mwenye nyumba aliufungua mlango nusu. “Hapa hatuna mgonjwa.”

“Hata mama yangu alisema hivyo, dada,” fundi akajibu taratibu. “Alidhani ananisitiri. Mimi nimeanguka miaka na miaka, na gauni ulilovaa nimelishona mimi. Lina kasoro?”

Mama akalitazama gauni lake, akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga. Akageukia ndani, akaita, “Mwanangu, njoo.”

Binti akatoka, kovu la moto mkononi. “Nitarudi shule?” akauliza.

“Tuanze na dawa,” muuguzi akasema. “Shule tutaizungumzia pamoja.”

Fundi akaketi kwenye benchi la barazani, akasogea, akampisha binti aketi kando yake.