Nyufa Mbili za Jabali la Suguti

Juzi mvua ilinyesha ghafla juu ya mawe yaliyochomwa na jua mbele ya nyumba yangu, na harufu ile ikanirudisha Suguti, wakati wa Mwingereza, mama yangu alipokuwa akiponda kokoto za barabara.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika asubuhi na jua likawaka. Nyapara aliwaambia wanawake wakae chini ya jabali kubwa, penye kivuli. Mama aliligonga kwa nyundo, akasikiliza, akapitisha kidole kwenye ufa.

“Hapa hatukai,” alisema. “Jiwe lenyewe ni gumu, lakini nyufa mbili zimekutana huku nyuma. Hiki kipande kimeegemea tu.”

“Wewe mwanamke, hili jiwe lilikuwaga hapa kabla ya babu yako,” nyapara alimjibu, akakaa kivulini mwenyewe.

Mama alinishika mkono tukaenda juani. Wenzake walitufuata wakinung'unika.

Kabla ya saa sita kipande kile kiliporomoka. Tulipofika mbio, nyapara alikuwa amelala chali, mguu umebanwa, akimwita mama yake. Wanawake sita walisukuma, jiwe halikutikisika. Mama alilizunguka akipapasa mpaka akapata ufa mwembamba kama uzi, akaweka tindo ya chuma hapo, akapiga. Pigo la tano likalipasua katikati, wakamvuta.

Miezi ilipita, nyapara akarudi kazini akichechemea. Kila asubuhi alisimama juani pamoja nasi, akingoja mama amalize kugonga mawe ya kivulini.