Mizinga Saba ya Baba

Sitajitetea. Ni mimi niliyefukuza nyuki wa baba yangu, na kwa kuwafukuza nikapata kazi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nimepanga chumba Nchiru, mhadhiri wangu alipobandika tangazo ukutani. Kituo fulani cha utafiti kilitafuta msaidizi wa kuchunguza nyuki na wadudu wengine wanaochavusha mimea. Nafasi moja. Mwombaji alete takwimu alizokusanya mwenyewe shambani, msimu mzima. Wenzangu walicheka. Eti mtu asome miaka yote hiyo ndio akaumwe na nyuki! Mimi sikucheka. Kwetu Kianjokoma baba alikuwa na mizinga saba ya magogo, imetundikwa kwenye miti kando ya makadamia, na nafasi hiyo niliitaka kwa udi na uvumba.

Kwetu mwanamke hakaribii mizinga. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba baba hufungua mzinga mara moja tu kwa msimu, maua yakishakwisha, akiwa peke yake, bila kunena neno. Nilimwomba hata hivyo.

"Haya, Mami," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Lakini nyuki usiwatembelee kama majirani."

Nikaitikia, wala sikusikia. Kila Jumamosi nilirudi nyumbani, nikapanda ngazi na kopo langu la moshi wa kutuliza nyuki, nikatoa kifuniko, nikahesabu masega, nikakata kipande niangalie watoto wa nyuki. Baba alinishikia ngazi. Mara mbili aliniambia, "Mami, wiki hii waache wapumzike." Nikamjibu kwa ule ujuaji wa chuoni kwamba wiki moja ikikosekana takwimu zote zimeharibika. Jamani, mdomo huu wangu!

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo nikakuta mzinga wa kwanza uko kimya. Hakukuwa na nyuki waliokufa wala dalili ya ugonjwa, ni masega matupu tu. Walikuwa wamehama wote. Wiki iliyofuata, miwili mingine. Na mimi nikaendelea kufungua iliyobaki, nikaendelea kuandika. Hapo ndipo panaponiuma. Ulipohamwa wa saba, baba alichukua ngazi akaiweka nyuma ya jiko, akaenda kukatia ng'ombe majani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Msimu huo makadamia yalizaa kidogo. Mama akalaumu mvua, nami nikamwacha aamini hivyo, ingawa nilijua maua yalikosa nyuki.

Kwenye mahojiano walinisifu. Walisema ni nadra kuona mtu ameandika kwa makini hivyo, wiki kwa wiki, jinsi nyuki wanavyohama wakisumbuliwa. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema asante.

Nilipopewa ile kazi nilienda nyumbani kumwambia baba, nikamkuta akipogoa kahawa. Alipangusa mkono kwenye suruali, akanipa, akanipongeza, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Kisha akauliza:

"Hao waliokuandika, wanajua nyuki wetu walienda wapi?"

"Hawajui, Baba."

"Na wewe?"

"Sijui."

Akageukia kahawa yake. "Basi soma sana, Mami. Ukijua, uniambie."

Huu ni mwaka wa pili kazini. Nikimpigia simu tunaongea habari za mvua na ng'ombe, na hajawahi kuniuliza tena.